Kiatu Kikae Wapi? Skii, Drili na Kijana Wangu

Najua nimepotea. Mara ya mwisho niliahidi kuendelea na somo la hifadhidata, na ahadi ni deni, nitalilipa. Lakini leo naomba ruhusa nizungumzie jambo lililoninyima usingizi kuliko programu yoyote niliyowahi kuandika: mahali pa kutoboa matundu 16 kwenye skii za mtoto.

Mnaonifahamu mnajua kwamba kazi hii ya tarakilishi ilinitoa Nairobi ikanileta Minnesota, Marekani. Wakenya tuko wengi huku, hasa vitongoji vya kaskazini mwa Minneapolis kama Brooklyn Park, kiasi kwamba unga wa ugali si wa kutafuta. Kisichopatikana ni jua la Januari. Baridi ikishuka nyuzi 20 chini ya sufuri, sisi tuliozaliwa kwenye joto tunajifungia ndani na chai. Mtoto aliyekulia huku hawezi. Kijana wangu, ambaye sasa ananipita kimo, alichagua skii.

Kwetu Kenya ukitaja skii watu humkumbuka Philip Boit, yule mkimbiaji aliyeshindana Nagano, Japani, mwaka 1998. Alimaliza wa mwisho katika mbio za kilomita 10, na bingwa Bjørn Dæhlie akamngoja kwenye mstari ili amkumbatie. Skii za Boit zilikuwa za masafa marefu, nyembamba, kisigino kikiwa huru kuinuka. Sabrina Simader, aliyetuwakilisha PyeongChang mwaka 2018, yeye alishindana katika mbio za kuteremka mlima kwa kasi. Kijana wangu hayuko kwa Boit wala kwa Simader. Yeye yuko kwenye skii za sarakasi. Wanateleza juu ya reli za chuma, wanaruka vilima vya theluji, wanazunguka hewani, na kutua wakitazama walikotoka. Uwanja wenyewe huitwa paki. Mchezo huu uliingia Olimpiki huko Sochi mwaka 2014, na siku hiyo Wamarekani watatu walichukua medali zote tatu za wanaume.

Paki yetu ni Hyland Hills, huko Bloomington, kusini mwa Minneapolis. Usifikirie mlima. Mtu wa Murang'a angeuita mteremko wa kwenda mtoni. Lakini kuna kamba inayozunguka bila kusimama. Unaishika kwa glavu, inakuvuta hadi juu, unashuka, unaishika tena. Kwa jioni moja kijana anaweza kushuka mara nyingi kuliko anavyoshuka kwenye mlima mkubwa kwa siku nzima. Ni kilima cha mazoezi, na wengi waliokuja kujulikana katika mchezo huu walipikwa kwenye vilima vidogo kama hiki.

Haya, tuje kwenye tatizo.

Skii mpya nyingi za aina hii huuzwa tupu. Ile mitambo inayoshika kiatu, baindingi, unanunua kando kisha inafungwa kwa skrubu. Ina kipande cha mbele cha kushika vidole na cha nyuma cha kushika kisigino. Zile zetu zina skrubu nne mbele na nne nyuma, yaani matundu manane kwa kila skii. Ukishatoboa umetoboa. Unaweza kuziba tundu kwa kizibo na gundi ukatoboa jingine, ila tundu jipya linahitaji nafasi ya angalau sentimita moja kutoka la zamani, na kila unapoongeza matundu unadhoofisha mbao iliyo ndani. Sisi waandika programu tumezoea kukosea asubuhi na kurekebisha mchana. Drili haina kitufe cha kurudisha nyuma.

Swali sasa ni hili: kiatu kikae wapi kwenye urefu wa skii? Kiatu cha skii kina alama ndogo ubavuni inayoonyesha katikati ya soli yake. Alama hiyo ndiyo unayoilinganisha na sehemu uliyoichagua kwenye skii. Kwenye skii za kawaida za kuteremka mlima, kiatu hukaa nyuma ya katikati, mara nyingi kwa sentimita kumi hivi. Sababu yake ni kwamba mtu huenda mbele tu. Pua ndefu inaelea kwenye theluji laini na inashika mapema unapopinda. Mkia hauna kazi nyingi.

Mambo yalibadilika Salomon walipotoa skii iliyoitwa Teneighty mwaka 1998, wakishirikiana na kundi la vijana wa Kanada akina Mike Douglas na JP Auclair. Mkia wake ulikunjwa juu kama pua, kwa hiyo ungeweza kutua na kuteleza kinyumenyume bila kuchimba theluji. Ukishaanza kwenda pande zote mbili, mkia nao unakuwa pua, na swali la kiatu kikae wapi linafunguka upya.

Mimi hayo yote sikuyajua mwaka 2022 nilipomnunulia skii zake za kwanza za paki. Zilikuwa zimetumika, urefu sentimita 165. Fundi wa dukani aliniuliza nataka wapi. Nikajibu kama mzazi yeyote mwoga: weka pale panapowekwa na watu wote. Akaweka sentimita 9 nyuma ya katikati. Hakuna aliyekosea, aliuliza nikajibu. Nikalipa, nikaondoka kifua mbele.

Msimu ule mzima kijana alikuwa akianguka. Kwenda mbele alikuwa sawa. Akigeuka kinyumenyume, anachomoka chali. Wenzake walioanza pamoja naye wakamwacha. Kufikia Februari alianza kusema ana kazi nyingi za shule. Mimi nami, Mungu anisamehe, nikamwambia ajitahidi zaidi, kwamba wenzake wanafanya mazoezi na yeye anacheza. Nilikuwa nimekaa kwenye gari na thermosi ya chai nikitoa mawaidha.

Fanya hesabu pamoja nami. Nusu ya 165 ni 82.5. Ukirudisha kiatu sentimita 9, pua inabaki na 91.5 na mkia 73.5. Tofauti ni sentimita 18. Angalia kwamba kila sentimita unayosogeza huongeza tofauti kwa sentimita mbili, kwa sababu unachoupa upande mmoja umeuondoa kwa mwingine. Sasa mtoto akienda kinyumenyume, kile kimkia kifupi ndicho kinachotangulia. Akiegemea kidogo tu upande anakokwenda, hakuna skii ya kumshikilia. Anaanguka. Kwa lugha ya kazi yetu, mtumiaji hakuwa na kosa lolote, mpangilio ndio uliokuwa mbaya. Nami nilikuwa nikimlaumu mtumiaji.

Niliyajua hayo msimu ulipokuwa umeisha. Nilimwomba msamaha jikoni, mama yake akisikia. Akasema, «Sawa, Baba,» kisha akaniambia anataka skii nyingine, na atazilipia mwenyewe. Majira yote ya joto ya 2023 alikata nyasi za majirani. Oktoba zikafika: sentimita 171, mpya, tupu, hazina tundu hata moja. Na pesa ni zake. Hapo ndipo usingizi uliponiruka.

Yeye alitaka katikati kabisa, kwa kuwa wakubwa wa mchezo anaowatazama kwenye video huweka hapo. Mimi nilitaka mstari uliochorwa na kiwanda, ambao kwenye skii hizi uko sentimita 3 nyuma ya katikati. Nilijiambia kwamba aliyeitengeneza ndiye anayejua. Marafiki zake nao walileta namba zao. Mmoja alisema «mbili nyuma» na mwingine «moja mbele».

Mbili nyuma ya nini? Hapo ndipo nilipogundua mdudu wa kwanza. Wengine wakisema sufuri wanamaanisha katikati halisi ya skii. Wengine wanamaanisha mstari wa kiwanda. Ni kama saa zetu. Ukimwambia Mzungu tukutane saa mbili asubuhi atakuja usiku wa manane, kwa kuwa wewe unahesabu tangu macheo na yeye tangu katikati ya usiku. Namba ni ileile, sufuri ndiyo tofauti. Basi sheria ya kwanza ninayokupa: kabla ya kukubali ushauri wa mtu, muulize sufuri yake iko wapi. Halafu pima mwenyewe. Sisi tulivuta tepu moja kwa moja kutoka ncha ya pua hadi ncha ya mkia tukagawa kwa mbili. Kuna wanaoilaza tepu ifuate mkunjo wa skii, na jibu linaweza kutofautiana kidogo. Chagua njia moja, usichanganye.

Mdudu wa pili ulikuwa wangu. Kijana alisisitiza kwamba kiatu kikiwa katikati skii inakuwa nyepesi kuzungusha hewani. Nikasema tukokotoe. Nikaichukulia skii kama fimbo iliyo sawa kila mahali, uzito kilo 1.8, urefu mita 1.71, nikatafuta ukaidi wake wa kuzunguka. Programu yenyewe ni mistari mitano. Majibu yalitushangaza wote wawili. Kutoka sentimita 9 nyuma hadi katikati kabisa, skii inakuwa rahisi kuzungusha kwa asilimia 3 tu. Kutoka 1.5 nyuma hadi katikati, ni chini ya sehemu moja katika elfu moja. Hakuna mguu unaoweza kuhisi hilo. Ukinunua skii fupi kwa sentimita 6 unapunguza asilimia 10. Anayetafuta wepesi wa kuzunguka na aangalie urefu na uzito kabla hajahangaika na mstari.

Kinachobadilika hasa ukisogeza kiatu ni usawa: umebakiwa na skii kiasi gani mbele yako na nyuma yako, unapotua, unapopinda, unapokuwa umesimama kati ya reli. Ukisogea mbele, kinyumenyume kunakuwa rahisi, na ukikaa kwa ubavu juu ya reli pande zote mbili zinalingana. Unalipia kwa pua fupi, inayozama upesi kwenye theluji laini na kutikisika kwenye kasi kubwa. Ukirudi nyuma unapata utulivu na unapoteza uhuru. Hakuna mahali pa bure.

Kwa hiyo swali likawa: kijana huyu anafanya nini hasa anapokuwa pale? Hata yeye hakuwa na jibu, alikuwa na hisia tu. Nikafanya ninachofanya kazini mteja anapolalamika kwamba mfumo ni mzito na hajui ni wapi. Nikaanza kuandika kumbukumbu. Jioni mbili za Desemba nilisimama kando ya kilima na daftari, vidole vikiganda, nikipiga mistari. Alishuka mara 50. Mara 38 alipanda reli au sanduku. Mara 9 aliruka. Mara 3 alishuka tu. Na katika hizo 50, mara 21 alianza au alimaliza kinyumenyume, kwa skii zilezile za zamani zilizokuwa zikimwangusha. Nilipiga mstari wa 21 nikatulia. Mtoto niliyedhani hajitahidi alikuwa akijaribu kitu kigumu kila baada ya mshuko au miwili, kwa vifaa nilivyompangia vibaya.

Namba hizo zilizika hoja yangu ya kukaa nyuma sana. Hazikutuambia kama ni katikati kabisa au nyuma kidogo. Kwa hilo tulikodi skii za majaribio zinazokaribiana na zake, zenye baindingi zinazopanda juu ya vipande vya reli, ambazo fundi anaweza kuzisogeza bila kutoboa. Ni tofauti ya thamani uliyoipigilia ndani ya msimbo na ile uliyoiweka kwenye faili la mipangilio. Mbona basi kila mtu asitumie hizo? Ni nzito zaidi, na wengi wa paki wanapenda kitu kilichofungwa moja kwa moja kwenye skii.

Nilimnong'oneza fundi: weka katikati, halafu 1.5 nyuma, halafu 3 nyuma, na usimwambie. Kijana aliteleza nusu saa kwa kila mpangilio. Kila mara fundi alisogeza vipande vyote viwili na kukagua tena jinsi kiatu kinavyobanwa, maana hilo si la kukisia. Mwishoni nikamuuliza. Wa tatu, akasema, ni mzuri ukienda kasi, ila kinyumenyume anasikia mkia unaisha. Wa kwanza ni mtamu kwenye reli, lakini kule chini palipokuwa na theluji laini pua ilizama mara mbili. Wa pili hakuwa na la kuulalamikia. Kwa kuzunguka hewani, hakuweza kutofautisha wa kwanza na wa pili. Ile hesabu ya mistari mitano ilikuwa imesema hivyohivyo.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mimi na kiwanda na wakubwa wa kwenye video, sote tulikuwa tunasema habari za kitanda cha mtu mwingine. Ikawa sentimita 1.5 nyuma ya katikati.

Ikabaki kutoboa. Kijana alitaka kufanya mwenyewe, na skii ni zake, nikakubali, tukashuka kwenye gereji. Tulipata kigezo cha karatasi cha baindingi zile, kurasa mbili, cha mbele na cha nyuma, nikachapisha. Akavilaza juu ya skii, akaweka alama kwa kalamu. Tayari kashika drili. Sijui ni nini kilichonifanya nitazame ule mstari mdogo pembeni ya karatasi ulioandikwa sentimita 10. Nikaweka rula. Sentimita 9.4.

Kigezo kilikuwa cha karatasi ya A4, ile tuliyoikuta maofisini kwetu tangu zamani. Marekani hawatumii A4. Karatasi yao ni fupi, milimita 279 badala ya 297, na printa kwa wema wake ilikuwa imebana picha ili itoshe. Soli ya kiatu chake ni milimita 305. Kwenye urefu huo, kosa la asilimia 6 ni milimita 18. Matundu yote 16 yangekuwa ya bure, na majira mazima ya kukata nyasi yangeishia kwenye kizibo na gundi. Tulitazamana. Alicheka yeye kwanza. Tukachapisha tena kwa asilimia 100, kwenye karatasi kubwa zaidi, tukapima kwa rula, kisha tukatoboa ubao wa kawaida na kujaribu baindingi juu yake kabla ya kugusa skii.

Kwa atakayethubutu: soma ukubwa wa keekee ulioandikwa kwenye skii yako. Kwa kawaida ni milimita 3.5 kama ndani ni mbao bila bamba la chuma, na 4.1 kama kuna bamba, kina milimita 9. Funga kizuizi kwenye keekee isipite hapo, maana upande wa pili ndio wa kutelezea. Tia gundi isiyopitisha maji kwenye tundu kabla ya skrubu. Halafu, hata kama umefanya yote vizuri, peleka kwa fundi aliyefunzwa apange nguvu ya kuachia kiatu na kuijaribu. Namba hiyo inategemea uzito, kimo, umri, urefu wa soli na jinsi mtu anavyoteleza. Ndiyo inayoamua kama ukianguka skii itafunguka au goti litajikunja. Hapo sikukisia, na wewe usikisie.

Majira yale ya baridi, ya 2023 hadi 2024, yalikuwa na joto isivyo kawaida Minnesota. Theluji ilikuwa haba na laini, na mara kadhaa nilimwona pua ikizama akarushwa mbele. Akiinuka ananionyesha vidole viwili vilivyokaribiana, yaani: ile sentimita moja na nusu. Anajua kwa nini ameanguka. Mwaka uliotangulia alikuwa akianguka bila kujua, na aliyemweka katika hali hiyo nilikuwa mimi. Kinyumenyume sasa anakwenda kama amezaliwa hivyo, na habari za kazi nyingi za shule sijazisikia tena.

Matundu ni yale 16. Hatujatoboa mengine. Mdogo wake ameanza kuuliza za kwake zitawekwa wapi. Nimemwambia nitaleta daftari.

Basi, wiki ijayo turudi kwenye hifadhidata. Na kama unatumia kigezo chochote cha karatasi, cha nguo, cha kabati au cha skii, tafadhali weka rula kwanza.